Karanga za Luseni

Luhangija, mfuko ulioutuma juu ya gari la mkaa
ulifika salama, umetoboka kona moja tu.
Nilizimwaga zile chembe nyeupe kama ulivyoagiza,
kizibo cha soda kwa kila shina,
hadi mgongo ukaniambia basi.

Na karanga zikakubali, mdogo wangu!
Zikawa kijani kama uwanja wa kampeni.
Watu wakienda mnadani walisimama kuzitazama,
Nshoma akaja kuomba mbegu hata hazijachanua,
nami nikatembea kifua mbele wiki sita.

Mwezi wa nne nikang'oa.
Ganda nene, la kupendeza. Nikalibinya: pwaa.
Nikabinya la pili.
Debe saba za maganda, na ndani yake upepo.
Baada ya kupepeta sikujaza kibaba.
Nshoma hakucheka. Afadhali angecheka.

Hii luseni unaijua,
mchanga uliomeguka kutoka yale majabali tuliyotelezea utotoni.
Mvua ikija haiketi;
hupita kama mgeni asiyepewa kiti,
na huondoka na vya nyumbani,
kuvipeleka mbugani, kwenye mpunga wa wenzetu.

Bibi shamba, binti wa Lugendo, alifika na pikipiki yake ya kukopa.
Aling'oa shina moja, akalisuuza kwenye beseni la vyombo.
Mizizini kulikuwa na vinundu, vya kuhesabu,
vidogo kama mayai ya chawa.
"Hivi ndivyo vyungu vyake," akasema.
"Karanga hujipikia.
Ukimletea chakula kilichoiva kila siku,
kwa nini awashe moto?"

Kisha akanionyesha jambo
ambalo miaka arobaini nimelipalilia bila kuliona:
ua la manjano likishatunga
hushusha sindano, hutoboa ardhi,
hujizika lenyewe, hai,
na mtoto huzaliwa gizani.
Tena huko chini hanyonyi kila kitu kwa mama.
Chokaa ikishapanda majanini, hairudi kumshukia.
Kila ganda hulamba udongo kwa ngozi yake.
Usipoiweka pale pale alipolala,
atajenga nyumba, asipate wa kukaa ndani.

Sikulala mapema usiku ule.
Mama alitupa vyote alivyokuwa navyo, Luhangija,
na bado kipo tulichokwenda kukilamba wenyewe,
wewe kwenye barafu ya samaki huko Igogo,
mimi humu mchangani.

Basi mwaka huu, kabla ya mvua,
nilifukia samadi ya ng'ombe wa Nshoma,
mikokoteni minne, kwa ahadi ya gunia.
Nikashuka hadi Kigongo, ufukweni,
nikaokota magamba ya konokono na kome,
viroba vitatu.
Waliokuwa wakianika dagaa wakauliza,
"Mama, unapika nini?"
Nikawaambia, napikia udongo.

Nikayachoma, nikayatwanga kwenye kinu cha mama,
kile chenye ufa,
nikachekecha hadi nyusi zikawa nyeupe kama za bibi harusi wa majini.
Maua yalipotokeza, nikanyunyiza shinani,
asubuhi umande ukiwa bado,
nikiinama kwa kila moja.

Majani ya mwaka huu si ya kusimamisha mtu njiani.
Mafupi, ya kawaida.
Jana uvumilivu ulinishinda, nikang'oa shina moja kabla ya siku zake.
Nikashika ganda, nikabinya.
Likakataa.
Nikabinya kwa vidole viwili, likakataa,
mpaka nikatumia meno.

Zilikuwa mbili, zimebanana, ngozi bado ina maji.
Moja nimekula nimesimama hapo hapo.
Nyingine nimeifunga humu kwenye karatasi,
itakuwa imesinyaa ukiifungua, usiitupe.

Urea iliyobaki nimempa Nshoma, mahindi yake yanaijua.
Wewe usitume mfuko tena.
Mwombe yule mama wa chipsi hapo kazini kwenu
asitupe maganda ya mayai.