Tawa la Pili

Hili la kushoto ni lake.
Nimelifunga uzi mwekundu kwenye mpini
ili hata nikiamka saa kumi alfajiri, macho mazito,
mkono ujue.

Miaka ishirini na miwili nilimkandia ngano.
Chapati nne asubuhi, sita usiku,
na ile ya ziada, imelowa samli,
aliyoikataa nami nikamwekea vilevile,
maana mapenzi yetu hayakuwa na maneno mengi,
yalikuwa na chapati.
Naye akazidi kukonda. Akiendesha trekta kashika tumbo,
akikatisha palizi, mbio, chooni,
majirani wakinong'ona: Balkar amerudia chupa.

Ludhiana wakamshusha kamera kooni.
Daktari, msichana wa rika la binti yetu,
alitafuta namna ya kumweleza mkulima.
Ndani ya utumbo, baba, huota kama majani mafupi,
mororo, yanafyonza chakula kama mizizi inavyofyonza mvua.
Yako yamefyekwa.
Balkar akauliza: Kama shamba baada ya mavuno?
Kama shamba baada ya mavuno.

Na sisi tuna ekari kumi na moja za ngano.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Chake kilikuwa sahanini,
nami ndiye niliyepakua.

Mama mkwe, Bachan Kaur, alicheka hadi akakohoa.
"Ngano! Nilimwachisha ziwa kwa ngano!"
Kisha wiki nzima hakucheka.
Alifuma sweta, akalifumua, akalifuma.

Unga wa mahindi haunyumbuki.
Hausukumwi; hupigwapigwa viganjani
kwa maji ya moto kidogo,
na bado hupasuka pembeni kama kisigino cha kiangazi.
Wakati wa baridi, na mboga ya haradali, ni karamu.
Jaribu mwezi wa sita.
Jaribu siku ya arobaini, mume anaitazama sahani
kama mtu anayesoma barua ya benki.

Akapata nafuu. Kisha akaugua tena,
nami nikaapa kwa macho yangu: hajagusa chembe.
Nilifua vitambaa, nikachemsha vijiko,
nikamshuku mama yake, Mungu anisamehe,
nikampekua shali.
Ni Ramneet, binti yetu, aliyekaa sakafuni
akasoma kila kopo, maandishi madogo kama mayai ya chawa,
hadi akafika kwenye mvuje.
Mvuje! Ile chembe ninayotupia kwenye dengu
ili tumbo lisijae gesi.
Umechanganywa na unga wa ngano.
Nilikuwa nikimtibu tumbo kwa kilichomuua tumbo.
Nilitupa kopo uani. Kuku wakalikimbilia.

Gurdwara ndiko kugumu.
Halua ya baraka haikataliwi:
unga, sukari, samli, ya moto, viganja viwili vimekingwa.
Jumapili ya kwanza alikinga.
Nilimwona ameinama, baraka inamchoma mikono,
mzee mgawaji ameshampita.
Akageuka, mbele ya kijiji kizima,
akaimimina viganjani mwangu.
Nikala yangu, nikala yake.
Tangu siku hiyo nakula baraka za watu wawili,
na kiuno changu kinashuhudia.

Leo ni Aprili. Shamba limekuwa rangi ya shaba.
Mashine ya kuvunia imekodiwa, dereva anasubiri, anatafuna kijiti,
kila saa ina bei yake.
Balkar amevunja suke, amelifikicha,
amepuliza makapi kwa kichwa kilichogeuzwa pembeni.
Baba yake alipima kwa jino, na babu yake:
punje ikilia, vuna; ikibonyea, ngoja.
Ameishika midomoni karibu kabisa. Karibu.
Kisha ananyoosha mkono.
"Niambie," anasema.

Naiweka kwenye gego.
Dereva ameacha kutafuna.
Inalia.