Harufu ya Soksi

Torunn alikuwa safu ya kumi na nne,
birika la kahawa mkononi,
alipolisahau neno "maziwa".
Si kwamba ulimi ulikuwa mzito.
Neno lenyewe liliondoka,
kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake.

Chini, Norwe yote theluji.
Nyuma, Eivind ameketi juu ya kreti la soda,
vidole vinamchonyota, midomo ganzi.
Halii, ila machozi yanatoka.
"Unasikia? Kama soksi zilizolowa."
"Nasikia."
Rubani naye akasikia,
akavaa barakoa ya oksijeni, akaomba kutua Bodø.
Mzee wa kiti cha dirishani aliuliza kama sukari ipo.

Ipo. Torunn alimpa. Alimpa na tabasamu,
lile la kazini, linalojua njia lenyewe
hata mwenye uso akipotea.

Hospitalini walichota damu, chupa sita.
Damu safi. Mapafu safi.
Fundi akaifungua injini, akaifunga,
hakuna kitu, akatia sahihi.
Lisilo kwenye karatasi halikutokea.
Asubuhi ndege iliruka na watu wengine.

Sasa ni Machi. Jikoni kwake, Tromsø,
Ylva ameshika kikombe cha chai, anangoja.
"Mama, unataka nini? Sema."
Torunn ananyoosha kidole:
kile cheupe,
kwenye jokofu,
mlangoni, kando ya siagi.