Wimbo Unaanza Lini

Mchana napasua misonobari, Mafinga.
Usiku naupasua mlio wa msumeno.

Niliunasa kwa simu, nikaupunguza mwendo
hadi meno yake yakahesabika,
hadi chuma kikaanza kuguna kama mgonjwa
anayegeukia upande wa pili wa kitanda.

Nyaya tatu, betri za tochi,
spika niliyoing'oa kwenye redio ya marehemu baba.
Nikigusa hapa kwa kidole chenye utomvu, inalia;
nikigusa pale, inakanusha.

Twilumba, shuka mbili mabegani, akauliza:
"Wimbo wenyewe unaanza lini?"
Nikamwambia ulishaanza.
"Na unaisha lini?"
Hapo sikuwa na jibu.

Sipigi harusini. Hakuna anipaye hata vocha.
Ukungu umelalia bati, baridi ya Juni
inang'ata masikio, nami nimeyafunika
kwa sauti ambayo jana haikuwapo duniani.

Alfajiri, akipuliza mkaa,
nimemsikia Twilumba akiguna:
ileile, ya chini, yenye meno,
na mwenyewe hana habari.

Nikapapasa simu mfukoni.
Imezima chaji.