Kona ya Ishirini na Nne

Zdenka ameleta picha katika kopo la biskuti.
Tunazipanga juu ya tangi, mikono ina grisi,
kila moja inaondoka na alama ya dole gumba.

"Hapa Vršič, kona ya ishirini na nne,"
asema Bogomir. "Mnyororo ulinikatikia hapa."
"Haukukatika. Uliuacha ukakauka
kama koo la mlevi asubuhi."
Anacheka, anakoroga kahawa kwa bisibisi.

Nje, mvua ya Bovec haina haraka.
Pikipiki ya Ludvik imesimama katikati yetu,
kabureta wazi, plagi nyeusi tii.
Miezi minane haijanguruma.
Tumebishana oili gani, jeti namba ngapi,
nani kapoteza spana ya kumi,
tumebishana yote isipokuwa yeye.

Zdenka anatoa picha ya mwisho:
barabara tupu, theluji kandoni, jua.
Ludvik hayumo. Ndiye aliyepiga.
Ni kivuli chake tu, kichwa kikubwa cha helmeti,
kimelala juu ya lami
hadi kwenye magurudumu yetu.

Bogomir anakanyaga kiki. Kimya.
Anakanyaga tena.

"Fungua koki kwanza, zuzu we,"
nasema,
na sauti inanitoka ya Ludvik.