Kikohozi cha Upande wa Pili

Port Talbot, Jumamosi, mvua ya ubavuni,
ile isiyoanguka bali inasukuma.
Chumba cha nyuma cha baa ya Gwenfair;
meza ina mguu mfupi, umewekewa kasha la kiberiti.
Tuko wanne, na santuri moja,
na ugomvi unaozizidi umri ndoa za Idwal,
zote mbili.

Tanuri Namba Nne walikufa lini?

Idwal anasema: siku walipoleta kinanda.
Albamu ya tatu. Anaitamka "ya tatu"
kama anayetaja ugonjwa mbele ya watoto.
"Mgema alisifiwa, akatia maji,
tena si ya kisima. Maji ya bomba la London!"

Tudur anaguna. Ana miaka ishirini na sita,
fulana yake ni ya ziara ya mwaka ambao mama yake hakuwa amezaliwa.
Kinanda kile, anasema, ndicho kilichowaokoa.
Magitaa mawili yalikuwa kama ndugu
wanaogombea bafu moja asubuhi;
alihitajika mtu wa kuwaambia tokeni.
"Ulikuwapo?"
"Sikuwapo."
"Basi."
"Na wewe Waterloo hukuwapo, lakini kila wiki unatusimulia."

Gwenfair anafuta glasi ambayo tayari ni kavu.
"Mnahesabu magitaa. Mpiga ngoma hamumtaji.
Alichelewa kidogo nyuma ya pigo, makusudi,
kama mtu anayetoka zamu ya usiku:
anakuja, atafika, msimkimbize."
Anasema hivyo, kisha anageukia rafu,
na anakaa huko muda mrefu kuliko rafu inavyohitaji.

Mwamba ngoma huvutia kwake.
Mimi navutia kwenye kikohozi.

Upande wa pili, baada ya wimbo wa pili,
kabla ya wa tatu: mtu anakohoa.
Mara moja, kavu, mbali na maikrofoni.
Idwal anasema ni mwimbaji na sigara zake.
Tudur anasema kimepangwa, ni sanaa.
Bwana mmoja wa Swansea aliandika barua ya kurasa saba
kuthibitisha kwamba ni bawaba ya mlango.

Leo Tudur amekuja na toleo jipya,
limesafishwa, zito, linanuka kiatu cha dukani.
Tukaliweka. Magitaa yaling'aa kama madirisha ya benki.
Wimbo wa pili ukaisha.
Kimya.
Kimya cha korido ya hospitali, iliyopigwa deki.
Wimbo wa tatu ukaanza.

Idwal akanyanyua sindano, akairudisha.
Akairudisha tena.
"Wamekifuta," Gwenfair akasema.
Kwa mara ya kwanza tangu niwajue
hakuna aliyembishia mwenzake.

Sijawahi kuwaambia. Baba yangu, Hefin,
aliwabebea spika Ijumaa ile, ujira wake bia mbili.
Miaka thelathini na mmoja alikula vumbi la kiwanda cha chuma.
Mama alijua amerudi kabla ya ufunguo:
kikohozi kwanza, kavu, mara moja,
kisha mlango, kisha buti.
Nilimuuliza mwaka wake wa mwisho.
"Mimi? Nilikuwa nje, nafunga kamba za gari,"
akacheka, na kicheko kikageuka
kuwa kile kile nilichokuwa namuuliza.

Sina ushahidi. Bawaba ya mlango ina barua ya kurasa saba;
mimi nina ukuta mwembamba wa chumba cha utotoni.

Idwal akatoa santuri yake ya zamani,
ile yenye mikwaruzo na duara la kikombe cha chai kwenye jalada.
Ikachakarika kama mafuta kwenye kikaango.
Wimbo wa pili ukawa unakwisha;
Tudur akaacha kutafuna njugu.
Nikainama karibu na spika,
karibu zaidi ya inavyostahili mtu mzima.

Akakohoa.

"Lakini kinanda," Idwal akaanza,
na Gwenfair akamwongezea bia asiyoiagiza.