Vidato Kumi na Tisa

Darasa la chini nalifagia kwanza,
maana uchafu wake una maneno:
kokwa za zeituni zilizopakwa rangi,
makombo ya mkate uliokatwa robo,
na robo moja iliyoliwa kabla ya jibu.

Hapa Mwalimu Graciete hafuti kosa.
Hulizungushia duara, huuliza, "Umefikaje huku?"
kama anayemuuliza mgeni njia aliyopitia.
Mwaka juzi Telmo aligawa kokwa saba kwa watoto wawili,
akabakiwa na moja kiganjani, akapiga kelele:
"Hii baki ni ya nani?"
Wakabishana mpaka kengele.
Nilisimama mlangoni na ndoo, maji yakapoa.

Juu, kwa Mwalimu Evaristo, hakuna cha kuokota.
Vumbi la chaki tu, jeupe, lenye adabu.
Kanuni, mfano, zoezi:
ubao umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.
Na x kila mahali.
Bibi yangu aliijua hiyo x. Ndiyo aliyoiweka
kwenye karatasi za mwenye shamba, hapa hapa Alentejo,
penye nafasi ya saini.
Naye hakuambiwa thamani yake.

Simsemi Evaristo vibaya. Ana mtihani wa taifa shingoni,
vichwa thelathini na kimoja, dakika hamsini.
Graciete ana kumi na wanne, na siku nzima.
Huuliza, "Mmeelewa?" Huitikia, "Ndiyo,"
kwa sauti moja, na sauti moja huficha wengi.
Telmo naye husema ndiyo.
Lakini pembeni mwa daftari alilolisahau
nimeona kokwa, amezichora ndogondogo,
saba,
kisha akazifuta.

Jioni moja Evaristo alishuka kuazima chaki.
Akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni,
akapanga kokwa safu mbili, tatu,
akazivuruga, akapanga tena.
"Deolinda," akasema, "hapa walikuwa wanajua.
Wanapotezea wapi?"

Mimi niliishia darasa la nne. Jibu la ubaoni sina.
Nikamwambia ninachokijua:
kati ya chini na juu kuna vidato kumi na tisa,
na anayevigusa vyote, kimoja kimoja,
ni mimi na ufagio.

Nilidhani atacheka.
Alipokuwa akipanda nilimsikia akihesabu.
Kwenye cha kumi na moja akanyamaza,
akainama.