Pishi Moja

Mama alikuwa na pishi ya mti, mdomo umelika upande mmoja,
akiwapimia uwele shangazi zangu watatu:
wa Mvumi, wa Bahi, na yule wa milimani, Kibakwe.
Walikubaliana: pishi ni hii, hakuna nyingine,
unakopa kwayo, unalipa kwayo.
Mwaka mvua iliponyesha Kibakwe ikairuka Bahi
shangazi wa Bahi hakuweza kuipunguza pishi
hata unene wa ukucha.
Akapunguza mlo.

Nadharia yangu yote ni hiyo.
Iliyobaki niliisomea miaka tisa kwenye baridi,
nikaivalisha herufi za Kigiriki.

Nchi kumi na moja, ng'ambo, sarafu moja.
Mimi, binti wa Miyuji, nikapewa dawati dirishani
na majedwali ya madeni yao.
Asubuhi riba, jioni riba.
Nilijua nakisi ya kila mji wa bandari
nisijue bandari hiyo inanuka nini.
Wakubwa walipenda sentensi zangu. Fupi, walisema.
Fupi kuliko zote niliiandika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili:
*Deni ni himilivu.*

Himilivu. Neno linalodai mgongo.
Sikuandika mgongo wa nani.

Miezi kumi na minne baadaye benki zilifunga milango Ijumaa,
Jumatatu watu wakasimama foleni na vitabu vyao vya akiba
kama wagonjwa na vyeti.
Tukaandika ripoti ya pili, kueleza ya kwanza.
Tukaandika na ya tatu.
Dawa ya deni ni kulipa, tunasema kwetu;
hatusemi dozi.
Mimi ndiye niliyepanga dozi: pensheni asilimia ishirini na mbili,
kwa awamu.
Muuguzi mstaafu aliniandikia barua kwa mkono.
Hakunitukana. Aliuliza tu
kama asilimia ile ilihesabiwa kabla ya kodi ya nyumba au baada.
Nilijua jibu. Sikumjibu.
Barua ninayo bado, ndani ya faili la risiti za umeme.

Nimerudi Dodoma na magoti mabovu na maboksi saba ya karatasi.
Upepo wa Julai hapa hauheshimu karatasi;
vumbi jekundu limeshaingia sura ya nne.
Wanawake wa mtaa wakasikia nimesomea hela,
wakanifanya mhasibu wa kikundi:
sanduku la bati, kufuli tatu,
funguo kwa wanawake watatu wasiosalimiana.
Hisa elfu mbili. Faini ya kuchelewa, mia tano.
Nimechelewa mara mbili. Nimelipa.

Mwezi uliopita Yerusa Chigwile hakuleta rejesho.
Zabibu zake za Hombolo, ubwiri unga ulishika nusu,
nusu nyingine mnunuzi hakutokea.
Wakaanza: sheria ni sheria, achukuliwe cherehani.
Kisha wakanigeukia, wote, pamoja na wale wasiosalimiana.
Nikashika kikokotoo. Vidole vilijua njia.
Neno lile likaja lenyewe mpaka mlango wa meno,
na jingine nyuma yake, *kwa awamu*.

Nikaomba siku tatu.

Nikapanda bodaboda hadi Hombolo, mzee mzima, nimekumbatia mkoba.
Yerusa hakusema mengi. Alinitangulia kati ya mistari,
akakunja jani moja, akanionyesha unga wake kwa chini,
mweupe kama wa kuokea,
na mashada yaliyokauka yakiwa bado yameshika waya.
Miaka thelathini na moja kwenye madeni.
Lilikuwa shamba la kwanza la mdaiwa kulikanyaga.

Sijui bado tutamwambia nini Jumamosi.
Labda msimu mmoja wa subira. Labda cherehani.
Kikundi kina pishi moja, na si Yerusa peke yake aliyekosa mvua.
Ila kwenye daftari, mbele ya jina na kiasi,
pale safu ya maelezo inapobana maneno mawili tu,
nimeandika:
*shamba nimeliona.*